Barua ya wazi kwa taasisi za utafiti wa uchumi: mrejesho wetu mnauleta lini?

Kwa Wakurugenzi, Maprofesa na Watafiti wote wa taasisi za utafiti wa uchumi Tanzania,

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Kazi yangu ni kupima korosho, kuandika stakabadhi na kujibu maswali ya watu waliolipwa ambao bado hawaelewi kwa nini wamelipwa kiasi kile. Kabla ya ukarani, kwa msimu mmoja, nilikuwa mdadisi. Taasisi moja ya utafiti, ambayo jina lake nitalihifadhi, iliniajiri kuzunguka vijijini na dodoso mkononi. Nawaandikia kwa sababu ya kazi hizo mbili, na kwa sababu kuna ahadi niliitoa kwa niaba yenu nayo haijatimizwa.

Ahadi yenyewe ni hii. Bibi mmoja wa kijijini kwetu alinipokea barazani kwake saa mbili asubuhi. Alikuwa anabangua korosho, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Akaacha kazi yake, akanitandikia mkeka. Dodoso lilichukua zaidi ya saa mbili. Nilimuuliza kaya yake ina watu wangapi, walikula nini siku saba zilizopita, ana kuku wangapi, anatumia sukari ya shilingi ngapi, amekopa kwa nani na kwa nini. Alinijibu yote, hata yale ambayo mtu mzima hamwambii mtu wa rika la watoto wake. Tulipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, haya yote uliyoandika yanakwenda wapi?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa kwenye semina: "Yanakwenda Dar es Salaam, bibi. Yatachambuliwa, halafu mtaletewa mrejesho."

Sasa ni zaidi ya miaka kumi. Bibi yu hai, anamshukuru Mungu. Kila mwaka mnada ukikaribia huja ghalani na korosho zake, na akifika kwenye mzani, kabla hata ya salamu, huniuliza neno moja tu: "Mrejesho?"

Utafiti ule ulikamilika. Najua kwa sababu binti yangu, aliyekuwa akisoma chuo wakati huo, aliutafuta na kunichapishia. Ni kitabu kizuri, kina ramani na majedwali, na wilaya yetu imo. Nilikesha nacho kwa siku tatu, kamusi pembeni. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha zamani, lakini nilichoambulia kilinitosha kujua kwamba mle ndani kuna mambo ambayo bibi yule angeyajadili mpaka jua lizame. Maneno aliyonipa kwa Kiswahili yalivuka, yakawa Kiingereza, na hayakurudi tena.

Sisemi haya kwa kuwadharau. Historia yenu naifahamu kwa kiasi changu na naiheshimu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka huohuo ikaundwa pale taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, ambayo wote tuliijua kwa jina la TUKI. Mwaka uliofuata, 1965, ikaundwa Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ambayo wengi wenu mnaiita kwa herufi zake tatu, ERB. Nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu Uhuru na mmoja tangu Muungano, na wachumi wazalendo walihesabika kwa vidole. Mkurugenzi wa ERB kati ya 1966 na 1968 alikuwa Gerald Helleiner, Mkanada aliyekuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Ofisi ile ilipewa kazi ngumu: kuieleza serikali changa uchumi wake ukoje, mkulima anapata nini, kiwanda kinaleta nini, na pamba, kahawa na mkonge vinakwenda wapi.

Na kazi ilifanyika. Pale Mlimani, kati ya ERB na idara ya uchumi, walitoka au kupita watu waliokuja kuishika nchi hii. Profesa Simon Mbilinyi aliandika juu ya uchumi wa kahawa ya mkulima mdogo, na baadaye akawa Waziri wa Fedha. Justinian Rweyemamu mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu viwanda na kutoendelea kwa Tanzania ambacho kinasomwa mpaka leo, akafariki bado kijana. Profesa Benno Ndulu alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi mwanzoni mwa 2018. Profesa Ibrahim Lipumba hahitaji kutambulishwa kwa Mtanzania. Mwaka 1984, wakati maduka yalikuwa matupu na sisi huku tukipanga foleni ya sabuni na khanga, wachumi wa Mlimani walijadili mambo ambayo wanasiasa waliogopa kuyataja: thamani ya shilingi, bei za mazao, matumizi ya serikali. Miaka miwili baadaye nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na maisha yetu yakabadilika. Mtu akiniambia utafiti wenu hauna nguvu namkatalia. Una nguvu mno, na ndiyo maana nataka uje mpaka kwetu.

Narudi kwenye ile miaka miwili, 1964 na 1965. Taasisi ya lugha na ofisi ya uchumi zilizaliwa zikipishana mwaka mmoja, kwenye kilima kimoja. Mtu angetazamia kwamba karatasi ikitoka ofisi ya uchumi asubuhi, mchana iwe mezani kwa wenzao wa Kiswahili, na jioni iwe tayari kwenda Newala na Urambo. Haikuwa hivyo. Karatasi za ERB, zilizopewa namba kwa mwaka wake, ziliandikwa kwa Kiingereza na kusomana zenyewe kwa zenyewe. Chuo kilianzisha majarida, likiwemo Taamuli la sayansi ya siasa na Utafiti la sayansi za jamii. Majina ni ya Kiswahili kitamu kabisa. Ukifungua ndani, kurasa karibu zote ni Kiingereza. Mwaka 1969 Mtanzania aliweza kusoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, akafuatilia habari za mkopo, dhamana na meli zilizopotea baharini. Habari za mkopo wake mwenyewe wa pembejeo hakuweza kuzisoma.

Na msiniambie kwamba Kiswahili hakikuwa na uwezo. Waraka mkubwa wa uchumi kuliko wote katika historia ya nchi hii ni Azimio la Arusha la Februari 1967. Uliandikwa na kutangazwa kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa na utata, ikabidi irekebishwe baadaye. Kiingereza ndicho kilichohangaika kuifikia maana ya Kiswahili. Watu wa kijijini kwetu, ambao wengi walikuwa bado hawajajua kusoma, walibishana juu ya "njia kuu za uchumi" chini ya mwembe, na walijua wanabishana nini.

Sasa niwaambie la korosho, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa ndani na ndilo linaloniuma.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Sehemu kubwa ilitoka huku Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Yaani zao lilianguka na kubaki kama moja ya saba ya lilivyokuwa, katika muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza darasa la saba. Hakukuwa na vita mashambani wala kimbunga. Mwaka 1979 Frank Ellis, aliyekuwa mtafiti wa ERB, aliandika karatasi ya kuchambua anguko hilo likiwa bado linaendelea: sababu zake, tiba zinazowezekana, na mafunzo kwa sera za vijijini. Tafiti za miaka ile na zilizofuata zinarudia mambo yaleyale. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya maendeleo, mikorosho ikabaki mbali, kwenye mahame. Bei aliyolipwa mkulima ilidumaa wakati bei ya nguo na jembe ikipanda. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ule unaofunika maua kwa vumbi jeupe mpaka yanakauka bila kushika.

Anayejua mkorosho ataelewa umbali unafanya nini. Korosho haichumwi mtini, inaokotwa ikishaanguka. Chini ya mkorosho pakiwa na majani huoni kitu, na bibo likioza juu ya korosho linaiharibu. Kwa hiyo lazima upalilie, tena uokote kila siku mbili tatu. Shamba likiwa nyuma ya nyumba, mama na watoto wanaokota asubuhi kabla ya shule. Likiwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, unakwenda mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi. Halafu unakuja moto wa kiangazi, unapita kwenye majani ambayo hakuna aliyeyafyeka, na mikorosho ya miaka ishirini inasimama kama mkaa.

Marehemu baba yangu alikuwa na mikorosho ya namna hiyo kwenye hame la babu. Alihama na familia kama wote tulivyohama. Nakumbuka alivyorudi siku moja na kikapu kisichojaa hata nusu, akakaa kizingitini, akasema, "Mikorosho imetuchukia." Aliamini hivyo mpaka alipokufa. Aliamini kuna mzimu uliokasirika kwa kuachwa kule. Mengine aliikata, akaiuza kuni. Wakati huohuo, Mlimani, palikuwa na karatasi iliyoeleza kwa nini. Mtafiti yule simlaumu hata kidogo, aliandika kwa wale aliotakiwa kuwaandikia. Ila kila nikifikiri kwamba maelezo yalikuwepo, yamepigwa chapa, yamewekwa rafuni, na baba yangu anakata mti kwa hofu ya mzimu, usingizi hunipotea.

Na wakati ule njia ya kumfikia ilikuwepo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na vijitabu vya Kiswahili mikononi. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Baba yangu alikuwa kwenye kikundi. Alichimba choo kwa sababu redio ilimweleza sababu, na akaelewa. Watu walewale, redio ileile, wangeweza kuelezwa habari ya bei na ya mikorosho.

Labda mtasema kosa hapo lilikuwa kufikisha tu, utafiti wenyewe ulikuwa sawa. Hapo ndipo nataka mnisikilize zaidi, kwa sababu nilishika dodoso kwa mkono wangu. Lugha inaharibu utafiti kabla haujafika kwenye kitabu. Dodoso tulilopewa lilikuwa la Kiingereza. Tulipewa siku mbili za semina, tukaambiwa tutatafsiri wenyewe kadiri ya mazingira. Tulikuwa wadadisi wanane, na kulikuwa na madodoso manane. Palikuwa na swali lililokusudia mapigo yanayoiyumbisha kaya: ukame, msiba wa mtegemezi, bei kuanguka. Mwenzangu mmoja alilitafsiri kwa neno "mshtuko". Mama wa watu akamsimulia alivyoshtushwa na nyoka akiwa anapalilia. Ikajazwa "ndiyo". Kijiji kilichofuata, mwingine akauliza kuhusu "majanga", na watu wakafikiri anauliza mafuriko na njaa kubwa, wakasema hapana. Majibu yote mawili yaliingia kwenye safu moja, yakajumlishwa, na mtu fulani ambaye hajawahi kufika huku akatoa asilimia.

Vipimo ndivyo viliniumiza kichwa zaidi. Fomu ilitaka kilo. Bibi yule niliyemtaja aliniambia mwezi wa tatu, mihogo ilipokwisha, aliuza korosho zake "kangomba". Kangomba huku kwetu ni kile kibakuli au kopo la kupimia, na ndilo jina la biashara yenyewe. Mwenye fedha anakuja wakati wa shida, anakupa pesa au unga, mikorosho haijatoa hata maua, na msimu ukifika unamlipa kwa vibakuli kwa bei mliyopatana ukiwa na njaa. Kagera wana butura, kahawa inauzwa ingali mtini. Njombe na Lushoto wakulima wa viazi wanajua lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu likauzwa kama gunia moja. Kila neno hapo ni sura nzima ya uchumi. Ndani ya kangomba kuna mkopo, kuna riba, kuna njaa ya mwezi wa tatu, kuna ujirani, na kuna sababu ya mtu kuingia humo akijua kabisa anaumia. Kwenye dodoso langu hapakuwa na sehemu ya kuandika hayo. Niliandika kilo nilizokisia, na penye mnunuzi nikaweka alama kwenye "mfanyabiashara binafsi".

Novemba 2018 wanunuzi waliposusia bei na serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, likaja suala la uhakiki wa wakulima. Wa kangomba wasilipwe, ilisemwa. Sitaki kufungua mjadala wa uamuzi ule. Ninachojua ni nilichokiona ghalani. Aliyefikiwa na uhakiki ni pamoja na mjane aliyekuwa amepokea korosho kwa jirani kama malipo ya deni la unga. Nchi ilikuwa inaamua juu ya jambo ambalo miaka yote tuliwasimulia watafiti kwa jina lake, na jina likaachwa njiani. Laiti kangomba ingesomwa vizuri kama mkopo wa mtu mwenye njaa, mtu wa kwanza kutafutwa angekuwa yule anayeweza kumkopesha mkulima kwa masharti nafuu mwezi wa tatu.

Najua mambo yenu yalibadilika. Katikati ya miaka ya 1990 zilianza kazi taasisi kama REPOA na ESRF, nje ya chuo, na zimefanya mengi juu ya umaskini, kodi, kilimo na maoni ya wananchi. Najua pia fedha nyingi za utafiti zinatoka nje, na anayelipa anataka ripoti anayoweza kuisoma. Ni haki yake. Lakini aliyejibu naye amelipa. Bibi alitoa saa mbili za kubangua, na saa zile zina bei. Kama bajeti ya utafiti inapata fungu la mafuta ya gari, la posho na la ukumbi wa hoteli kwa ajili ya uzinduzi, basi fungu la mtafsiri mmoja mzuri na kurasa nne za Kiswahili haliwezi kukosekana. Tatizo ni kwamba halijaombwa.

Na ile sababu ya istilahi nadhani sasa tuizike. Kila Juni Waziri wa Fedha anasimama Dodoma na kusoma bajeti kwa Kiswahili: nakisi, mfumuko wa bei, deni la taifa, akiba ya fedha za kigeni. Fundi baiskeli anasikiliza redioni na kumkosoa. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Watu wa mradi wa Sauti za Wananchi wanawapigia watu simu, wanawauliza kwa Kiswahili na kuwarudishia kwa Kiswahili, na nimeona watu huku wakigombania nakala. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu ya kumfunga mtu miaka thelathini kwa Kiswahili, mchumi anaweza kuandika kwa nini bei ya korosho imeshuka.

Mwaka jana nilifanya jaribio dogo. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo wa chama takwimu moja ya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18: kwamba mtu mzima anayetumia chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi anahesabiwa kuwa maskini wa mahitaji ya msingi, na kwamba waliokuwa chini ya mstari huo ni asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara. Sikuongeza neno. Siku ile mzani ulisimama karibu saa nzima. Mzee mmoja aliuliza kama mihogo ya shambani kwake imehesabiwa au ni ile ya kununua tu. Nilikuwa najua jibu, nikamwambia imehesabiwa. Akauliza kwa bei ya nani, ya Tandahimba au ya Dar es Salaam? Mama mmoja akataka kujua kama mtoto wa miaka miwili anahesabiwa sawa na mtu mzima. Kijana wa bodaboda akasema yeye anatumia zaidi ya hiyo kwa petroli peke yake, je, petroli ni mahitaji au ni mtaji? Wakubwa zangu, hayo ni maswali ambayo nyinyi wenyewe mnayajadili kwenye warsha zenu. Yaliulizwa na watu waliokalia magunia, kwa sababu ya mistari miwili ya chaki kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ninaomba, na ninaomba kwa moyo wote. Dodoso lolote linalokwenda kwa mtu anayezungumza Kiswahili liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, ofisini kwenu, na lijaribiwe kijijini, siyo kuachiwa wadadisi wanane watafsiri vichwani. Neno la mahali, kama kangomba au butura, liingie kwenye fomu kama lilivyo na lifike kwenye ripoti kama lilivyo, lielezwe lakini lisibadilishwe jina. Kila ripoti iwe na kurasa chache za Kiswahili kilichoandikwa na mtu anayekipenda, ambazo zitafika kwenye kijiji kilichohojiwa kabla au sambamba na uzinduzi wa hotelini. Na mdadisi arudi. Hata mmoja tu, kwa siku moja, akae barazani aseme tulichoambiwa ni hiki, tumekielewa hivi, je, tumekosea?

Nina ombi jingine ambalo labda ni la uzee wangu tu. Rafu za Mlimani zina karatasi za tangu miaka ya 1960. Chagueni zile zinazohusu mazao na vijiji vyetu, pamba ya Usukumani, tumbaku ya Urambo, kahawa ya Bukoba, korosho ya Kusini. Wapeni vijana wa uchumi na vijana wa Kiswahili, ambao mpaka leo wanasoma kwenye kilima kimoja, wazitafsiri pamoja kama kazi yao ya mwaka. Wajukuu wa waliohojiwa wapo, wanajua kusoma, wana simu mkononi. Wanataka kujua babu zao walisema nini na nini kiliwapata.

Msimu mpya unafunguliwa Oktoba. Ubao wetu wa matangazo uko ukutani mwa ghala, upande wa mzani, na nafasi ipo. Chaki nitanunua mwenyewe. Bibi atakuja na korosho zake kama kawaida, na ataniuliza. Naombeni mnipe cha kumjibu.

Wenu mtiifu,
Karani wa chama cha msingi,
Tandahimba, Mtwara